Kabla ya kwenda kupima vidonda vya tumbo

Maandalizi ya kipimo cha vidonda vya tumbo huanza wiki mbili au zaidi kabla, si asubuhi ya siku yenyewe. Wagonjwa hawaambiwi hili vya kutosha. Mtu analipia kipimo, anaambiwa hana kitu, anarudi nyumbani na maumivu yaleyale.

Tumbo hutoa tindikali kali inayoanza kuvunjavunja nyama na maharage, na kuua vijidudu vingi tunavyomeza. Lenyewe haliungui kwa sababu ukuta wake umefunikwa na ute mzito. Kidonda huja pale ute huo unapozidiwa, ama tumboni ama mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Visababishi vikubwa ni viwili: bakteria aitwaye H. pylori, na dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen na aspirini. Pilipili huchokoza maumivu, lakini siyo inayotengeneza kidonda. Barry Marshall, daktari wa Australia, alikunywa bakteria hao mwaka 1984 na ukuta wa tumbo lake ukavimba. Yeye na mwenzake Robin Warren walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Bakteria huyo ndiye anayetafutwa kwenye kipimo cha choo na kile cha kupuliza pumzi. Omeprazole na dawa za jamii yake, kama esomeprazole na pantoprazole, humpunguza bila kummaliza, hivyo kipimo kinaweza kusema hayupo kumbe yupo. Kubaliana na daktari uziache wiki mbili kabla. Antibiotiki ziwe zimepita wiki nne. Kama uko katikati ya dozi ya ugonjwa mwingine, imalize, tarehe ya kipimo isogezwe. Na ukague kila kidonge kilichopo nyumbani, hasa vile vipande vya pakiti vilivyokatwa kwa mkasi duka la dawa, ambavyo jina nyuma limebaki nusu. Vibebe vyote ukaonyeshe.

Kipimo cha damu hakihitaji kuacha dawa hizo, ila kinachosomwa pale ni kinga za mwili, nazo hubaki muda mrefu baada ya bakteria kwisha. Aliyewahi kutibiwa sioni kwa nini akilipie.

Kusubiri huko si kwa kila mtu. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami na kinanata, nenda hospitali leo. (Vidonge vya kuongeza damu navyo hufanya choo kiwe cheusi, basi vitaje.) Chakula kikikwama kooni au uzito ukishuka bila sababu, omba kuonwa mapema. Saratani ya umio ipo kwa wingi Afrika Mashariki, na huanza hivyohivyo.

Ukiandikiwa kipimo cha kamera, usile kwa saa sita hadi nane, au kama hospitali itakavyokuelekeza. Maji matupu nayo huzuiwa saa chache za mwisho. Mwenye kisukari aulize mapema kuhusu dozi ya asubuhi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au aspirini ya moyo, asiache kwa uamuzi wake. Meno ya bandia yatavuliwa. Koo hupuliziwa dawa ya ganzi, unalala ubavu wa kushoto, unang'ata kipande cha plastiki chenye tundu, na mpira mwembamba unapita humo. Unatia kichefuchefu, ila pumzi haizibwi. Vuta taratibu kwa pua. Ukichomwa sindano ya usingizi, uwe na mtu wa kukurudisha, na usiendeshe gari wala bodaboda hadi kesho yake.

Bakteria akipatikana, utapewa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza tindikali, mara nyingi kwa siku 14. Maumivu huweza kutulia kabla dozi haijaisha, lakini endelea nayo mpaka mwisho. Kipimo cha kuhakikisha hufanywa angalau wiki nne baada ya kumaliza, na kiwe cha choo au pumzi.