Namna ya kuwatazamisha watoto filamu kongwe ya Krismasi

Filamu ni It's a Wonderful Life ya mwaka 1946, haina rangi, inapita saa mbili. Wanangu walinuna dakika ya kumi tu, nikabadili mbinu.

Wape kazi: wachunge petali za ua la Zuzu, ambazo baba yake, George, anazificha kwenye kimfuko cha suruali. Usiwaambie kwa nini: malaika akimwonyesha George dunia ambamo hakuzaliwa, petali hazimo; uhai wake ukirudi, nazo zinarudi. Chai imiminwe kabla ya tukio la darajani, maana pale hakuna kusimamisha: George anataka kujitosa, na malaika Clarence anajirusha mtoni ili George amwokoe. (Theluji yenyewe ni povu la kuzimia moto na sabuni, tena walirekodi kiangazi, California. Hilo waambie baadaye.)

George akirudi darajani na kupapasa kimfuko, wewe nyamaza. Kitinda mimba wangu aliruka kochini: “Mama, zimo!”