Kuandika wasifu wa bibi aliyekuwa mtumishi wa umma

Anza na makaratasi yake. Bibi yangu, nesi mstaafu, alihifadhi barua za ajira, uhamisho na kustaafu kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro. Zipange kwa miaka, utapata vituo vyake vyote vya kazi.

Kisha watafute aliofanya nao kazi. Mmoja alitusimulia kampeni ya Mtu ni Afya, ile ya usafi na afya Tanzania, 1973: bibi, kanga kiunoni, anakagua vyoo nyumba kwa nyumba, chai hanywi mpaka aone shimo limechimbwa. Kisa kama hicho kiandike chote. Vyeo, mstari mmoja unatosha.

Wajukuu waulize alivyowaita; mimi nilikuwa "mume wangu".

Kabla ya kuchapa, msomee mama mkubwa. Majina ya ukoo anayajua yeye.