Somo: Kibubu kimejaa sarafu, uzigeuze vipi kuwa noti bila kukatwa

Wakuu, somo hili ni la mwenye kibubu, kopo au droo iliyojaa sarafu za mia, mia mbili na jero (mia tano), na anataka noti au salio kwenye simu. Nimeliandika kwa mazingira ya Tanzania. Wa Kenya ana swali lake huko chini. Jambo moja lishikeni kabla ya yote: usimlipe mtu ili akupokelee sarafu. Kila asubuhi mjini kuna watu wanaohangaika kutafuta chenji, na wengine wanakubali kukatwa ili waipate. Kazi yako ni kuwafikishia ikiwa imeshahesabiwa.

HATUA YA 1: Toa, chambua, kagua

Kibubu cha mbao kilichopigiliwa misumari si lazima ukipasue. Kiinue tundu likiangalia chini, chomeka rula nyembamba ya chuma kwenye tundu, kisha kiinamishe taratibu. Sarafu zinalala juu ya rula na kuteleza nje moja moja. Ikikwama, usilazimishe, tikisa kibubu, rudia.

Zimwage juu ya shuka, si sakafuni, maana sarafu ikivingirika chini ya kabati utakuja kuiona siku ya kuhama. Tenga mafungu manne kwa kufuata wanyama: nyati ni 500, simba ni 200, swala ni 100, faru ni 50. Fungu la tano ni la visivyotumika: washa, vifungo, sarafu za nje, sarafu zilizotobolewa au kupinda, na zile za 5, 10 na 20 ambazo madukani hazipokelewi tena. Fungu hili lisichanganyike na mengine hata kidogo, kwa sababu sarafu moja ya kigeni ndani ya pakiti inamfanya mpokeaji ahesabu upya pakiti zako zote.

Jero zikague. Sarafu ya 500 iliyoingia kwenye mzunguko mwaka 2014 ina kipenyo cha milimita 27.5 na uzito wa gramu 9.5, sura ya Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Upande wa nyati kuna duara dogo: igeuzegeuze kwenye mwanga, utaona 500 na herufi BOT (Benki Kuu ya Tanzania) vikipokezana. Jero ni chuma na nikeli, kwa hiyo sumaku inaishika. Isiyoshikwa na sumaku, iweke pembeni.

Zenye mafuta au tope zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha zikaushe kwa kitambaa palepale. Ukiziacha na majimaji, kutu inaanzia pale utando wa juu ulipokwaruzika. Ndimu, siki na asidi ya betri vinang'arisha dakika moja na kuchubua moja kwa moja. Hakuna anayekuongezea hela kwa sababu sarafu inang'aa, msijichoshe.

HATUA YA 2: Hesabu kwa minara ya kumi

Panga minara ya sarafu kumi kumi juu ya meza tambarare. Mnara wa jero ni 5,000, wa mia mbili ni 2,000, wa mia ni 1,000, wa hamsini ni 500. Ukishapata mnara mmoja sahihi, mingine ipime kwa urefu kwa kuiweka bega kwa bega. Uliopungua sarafu moja unaonekana kwa jicho. Andika jumla ya kila aina kwenye karatasi kabla hujabomoa chochote.

Kama mzigo ni mkubwa, tumia mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja. Weka chombo kitupu, rudisha mizani kwenye sifuri, kisha mimina sarafu za aina moja tu. Jero gawanya kwa 9.5: gramu 1,425 ni sarafu 150, yaani 75,000. Kwa aina nyingine msikariri uzito wa kuambiwa, pimeni wenyewe: hesabu sarafu 50 kwa mkono, zipime, gawanya kwa 50. Kwa nini 50 na si 20? Mizani ikikosea gramu moja kwenye sarafu 20, kosa ni gramu 0.05 kwa kila sarafu. Kwenye mzigo wa sarafu 500 hilo linakuwa gramu 25, ambazo ni zaidi ya sarafu mbili. Ukianzia na 50, kosa linashuka hadi gramu 10 hivi.

HATUA YA 3: Funga

Mafungu yanayokubalika haraka ni ya kiasi kamili: jero 20 kwa 10,000, mia mbili 50 kwa 10,000, mia 50 kwa 5,000, hamsini 40 kwa 2,000. Tumia vifuko vidogo vinavyoangaza vyenye zipu, aina moja kwa kila kifuko, na karatasi ndani iliyoandikwa aina, idadi na thamani. Msizungushie selotepu: mpokeaji lazima afungue ahakiki, na gundi inabaki kwenye sarafu.

Kwenye kubeba, mgongo ndio wa kulinda. Laki moja ya jero ni sarafu 200, kilo 1.9. Laki hiyohiyo kwa sarafu za mia ni vipande 1,000, na mfuko laini utakuachia njiani. Tumia begi la mgongoni.

HATUA YA 4: Mpelekee anayezihitaji, kwa saa anayozihitaji

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanakwenda kwa mtu sahihi saa mbaya.

Konda wa daladala anataka chenji alfajiri, kabla gari halijaanza safari ya kwanza. Jioni yeye mwenyewe ana sarafu za kumwaga. Dar nauli ya safari fupi ilipandishwa kutoka 500 hadi 600 Desemba 2023. Abiria akitoa buku (1,000) anadai 400, yaani mia mbili mbili. Abiria 20 wa namna hiyo wanamaliza sarafu 40 za mia mbili. Kwa hiyo stendi peleka mia mbili na mia. Jero haimsaidii kurudisha 400. Noti yake iwe mkononi mwako na umeikagua ndipo umkabidhi kifuko. Na wale wanaozunguka stendi kununua chenji, wakikwambia wanakupa 9,000 kwa sarafu za 10,000, waache. Hizohizo wanakwenda kumuuzia konda kwa faida.

Duka la mtaani na genge wanapokea zote, hasa asubuhi. Hapa ndipo pa jero. Mwenye duka ambaye pia ni wakala wa pesa za simu ndiye bora kuliko wote: yeye anabaki na chenji, wewe unawekewa salio, na kuweka hakuna makato. Usiondoke kabla ujumbe wa muamala haujaingia kwenye simu yako, na usome kiasi. Lakini salio hilo ukilitoa tena kesho, ada ya kutoa itakula ulichookoa. Litumie kulipia umeme, maji au king'amuzi.

Supamaketi na famasi zinazorudisha pipi badala ya chenji zina shida ya sarafu kuliko zinavyokubali kusema. Usipange foleni na furushi. Muulize msimamizi, si keshia, na uende kabla wateja hawajajaa.

Hamsini ni fedha halali ingawa wengi huinyanyapaa. Mpe mwenye duka pamoja na mia, si peke yake.

HATUA YA 5: Benki, kwa mzigo mkubwa

Ikizidi laki mbili hivi, benki ni nafuu kuliko kuzunguka. Piga simu tawini kwanza uulize mambo matatu: wanapokea sarafu siku gani, kuna ada ya kuhesabu, na wanataka zifungwe vipi. Nenda Jumanne hadi Alhamisi katikati ya mwezi. Siku za mishahara utachukiwa na foleni nzima. Kwenye fomu ya kuweka fedha jaza mchanganuo: 500 ngapi, 200 ngapi, mpaka 50. Simama uone zikihesabiwa. Mashine za kuwekea fedha ni za noti, msijaribu kuzilisha sarafu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Wakala wa kwetu amekataa katakata, kasema sarafu hazimsaidii. Ana haki?

Jibu: Ndiyo, mkuu. Wakala wa kibanda anahudumia watu wanaotoa hela, na wanataka noti. Sarafu zinamganda. Tafuta wakala mwenye duka.

Swali: Mimi ni mhazini, kila Jumapili sadaka inakuja na sarafu nyingi. Nifanyeje nisihangaike kila wiki?

Jibu: Zihesabuni watu wawili siku hiyohiyo, wote wasaini karatasi ya mchanganuo. Kisha uwe na wateja wa kudumu: maduka mawili au matatu ya jirani, kila moja lichukue kiasi kilekile Jumatatu asubuhi. Wakizoea watakufuata wenyewe.

Nyongeza kutoka kwa mwanachama mwingine: Usiwaachie kwa mkopo hata siku moja. Hela ya sadaka ikidaiwa dukani ni ugomvi.

Swali: Chini ya kibubu kuna noti za 500. Zinabadilishwa?

Jibu: Pole. BoT ilitoa muda kuanzia Januari 6 hadi Aprili 5, 2025 kwa noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 na noti ya 500 ya mwaka 2010. Baada ya hapo si fedha halali. Sarafu ya 500 haikuguswa.

Swali: Na za kupinda au kutobolewa?

Jibu: Dukani usimpe mtu. Zipeleke benki, na wakisita uliza BoT. Mbali na Dodoma, Dar na Zanzibar, wana matawi Arusha, Mwanza, Mbeya na Mtwara.

Swali: Niko Mombasa. Mbinu hizi zinafaa huku?

Jibu: Zinafaa. Makanga wa matatu anahitaji chenji asubuhi vilevile, na kuweka kwa wakala hakuna makato. Sarafu za 2018 zenye wanyama na zile za zamani zenye sura za marais zote zinatumika, ila kwenye mizani pimeni kila toleo peke yake. Benki Kuu ya Kenya ina tawi Mombasa.

Swali: Niko Arusha, nina sarafu za Kenya kama mia tisa hivi. Maduka ya kubadilisha fedha wamekataa.

Jibu: Wao wanataka noti. Mpe anayesafiri kupitia Namanga, au zihifadhi mpaka safari yako.

Swali: Nimepima jero, gramu 1,400. Nikigawanya napata 147.37. Hiyo 0.37 ni nini?

Jibu: Sarafu haina nukta, kwa hiyo kuna kitu. Sarafu 147 ni gramu 1,396.5, umezidisha gramu 3.5. Mara nyingi ni chombo ambacho hakikurudishwa kwenye sifuri, au kuna sarafu ya aina nyingine imejificha humo. Zipange minara ya kumi uone kama kuna yenye kipenyo tofauti, kisha pima upya na chombo kikavu.