Dada anajifungulia Lamu, wewe uko Muscat: zungumza na bibi mapema

Ukiwa Muscat, London au Toronto na dada yako ni mjamzito kule Siyu, kisiwani Pate, mkono unakwenda kwenye boksi: nguo, nepi, makopo ya maziwa. Nguo peleka. Makopo yaache. Mtoto anyonye ndani ya saa ya kwanza, kisha ziwa la mama peke yake miezi 6, bila hata maji, joto la kaskazi lisikutishe.

Mafunzo ya kumtunza mchanga dada atayapata kliniki, na mengi yamo kwenye kile kijitabu cha mama na mtoto. Lakini ndani ya arobaini mwenye kauli ni bibi. Basi mimba ikifika miezi 7, piga simu ya video, bibi naye awepo, na umwache aseme yeye kwanza. Ukifungua kwa "madaktari wa huku wanasema", umekwisha.

Usimpinge kwa kila kitu. Uji wa pilipili manga kwa mama na adhana sikioni mwa mtoto havina neno. Nguvu zako zitie kwenye kitovu na wanja. Kitovu kisitiwe majivu, mafuta wala mate. Kibaki kikavu, nepi ikunjwe chini yake, na kipakwe ile jeli ya klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, tu ikiwa hospitali imetoa. Wanja mwingi una madini ya risasi, na risasi hudhuru ubongo wa mtoto. Kama hofu ni kijicho, mtoto asomewe. Asali nayo ingoje atimize mwaka.

Mfundishe bibi kuhesabu pumzi mtoto akiwa ametulia, dakika nzima kwa saa iliyo kwenye simu. Zikifika 60, au kifua kikibonyea, au amekataa ziwa, ana degedege, mwili una moto au baridi, nyayo za manjano: hospitali, saa hiyo hiyo. Tatizo, maji yakipwa boti haitoki Siyu. Hapo ndipo pesa ya makopo iende: nahodha mliyekubaliana naye mapema, mchango wa SHA, bima ya afya ya serikali, na chumba kwa jamaa Lamu mjini wiki za mwisho.

Chanjo ya wiki 6 haina ugomvi. Ni siku ya 42, arobaini imeshatoka. Ugomvi uko kwenye kuonwa siku ya 3 na wiki ya 2, mama akiambiwa asitoke nje. Hizo mwombe bibi mwenyewe awasindikize.