Kumcha Mungu bila kumkimbia
Anza na Kutoka 20:20. Katika aya moja Musa anawaambia watu wasiogope, kisha anataka hofu ya Mungu iwe mbele yao wasitende dhambi. Isome mara mbili, polepole, kabla hujawasha simu. Ongeza Zaburi 130:4: kwa Mungu kuna msamaha, ili aogopwe. Hapa wengi huteleza. Wakianguka huacha ibada wiki nzima, kana kwamba Mungu ni askari wa barabarani. Ungama siku ileile, ukilitaja kosa lenyewe, na urudishe hata shilingi 500 uliyompunja mteja sokoni. Mashahidi Wakristo waliochomwa Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886 waliujua ukali wa Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, lakini hawakumkana Kristo. Jioni, kaa kimya dakika mbili kabla ya kuomba chochote.