Jinsi ya kumchagulia farasi wako zizi la kulipia Nairobi

Kama una farasi na kwako hakuna shamba la kumweka, Karen na Lang'ata kuna mazizi yanayochukua farasi wa watu kwa malipo ya mwezi. Shida ni kwamba wengi wanaenda kuyaona Jumamosi saa nne asubuhi, kila mahali pamefagiliwa, wanapenda majani na miti, wanalipa deposit siku hiyohiyo. Mimi hii ndio kazi yangu na nakuomba sana, nenda jioni.

Hatua ya 1: Fika saa kumi na mbili kasoro. Huku kwetu kuna ule ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaenezwa na usubi, vile vidudu vidogo kuliko mbu, na vinauma zaidi kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri. Pundamilia wanabeba virusi vya ugonjwa huu bila kuugua, na sisi tumepakana na Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kwa hivyo usidhani ni mambo ya mbali. Farasi anaweza kuwa mzima jana na leo povu linamtoka puani, na dawa ya kumponya hakuna. Sasa angalia: jua likishuka farasi wameshaingizwa ndani? Madirisha yana wavu? Wanapakwa dawa ya wadudu? Ukikuta giza linaingia na bado wamesimama huko nje karibu na maji yaliyotuama, hasa miezi ya mvua, washa gari uende. Alafu uliza chanjo, ni ya kila mwaka, na iwe ni farasi wote sio wako tu, omba uone vitabu vyao vya chanjo.

Hatua ya 2: Ongea na saisi, yaani mtunza farasi, tena mwenye zizi akiwa hayupo karibu. Huyu ndiye atakayeishi na farasi wako, kwangu mimi ana uzito kuliko majengo yote. Mwonyeshe farasi yeyote umuulize anaendeleaje. Saisi mzuri hata hafikirii, atakwambia "madam, huyu jana usiku hakumaliza nyasi na mavi yake yalikuwa makavu, nikamtembeza kidogo, leo yuko sawa". Hapo umepata mtu. Akikujibu "wako sawa tu wote", endelea kutafuta. Uliza pia anaangalia farasi wangapi, watatu au wanne ni sawa, ukisikia kumi ujue hakuna anayeangaliwa, na kama analala hapohapo na ana namba ya daktari kwenye simu yake. Na jaribu kujua kama analipwa kwa wakati manake saisi asiyelipwa ataondoka tu, na atakayeumia ni farasi.

Hatua ya 3: Ingia stoo. Vuta nyasi kutoka katikati ya robota, Boma Rhodes (aina ya nyasi za kukausha) nzuri inanukia, ukiikung'uta ikatoa vumbi au ukaona ukungu hiyo itamletea kikohozi. Farasi wa kilo 500 anahitaji kama kilo 10 za nyasi kavu kwa siku na maji lita 25 mpaka 45, na tumbo lake ni dogo, anatakiwa awe anakulakula muda mrefu, sio kujazwa mara moja. Kitu watu wanasahau: kama kuna kuku au ng'ombe pale, chakula chao kikae mbali kabisa, kuna vingine vinatiwa monensin, dawa ya mifugo, na hiyo inaua farasi hata kidogo tu.

Hatua ya 4: Banda liwe angalau mita 3.6 kwa 3.6, maranda makavu, ukiinama usisikie mkojo ukikuchoma macho. Seng'enge yenye miiba kwenye ua, hapana. Kupe wanadhibitiwaje? Uliza.

Hatua ya 5: Andikianeni. Malipo yanajumuisha nini, nyasi, maranda, dawa ya minyoo, fundi wa kwato kila wiki 6 mpaka 8, au hivyo ni juu yako? La muhimu zaidi, farasi akishikwa na tumbo saa nane usiku na simu yako imezima, nani anaruhusiwa kumwita daktari na atumie mpaka pesa ngapi. Hilo liandikwe na lisainiwe kabla farasi hajapakiwa kwenye lori.