Sakafu Hukauka Kabla Hujapata Wakili

Niliteleza asubuhi, kwenye sakafu ya duka ambalo sitalitaja. Mkono wa kulia ndio uliotangulia chini, na mimi ni fundi cherehani. Mtoto wa dada yangu, badala ya kuniinua, alitoa simu akapiga picha ya sakafu kwanza. Nilimkaripia palepale. Leo namshukuru: katika picha ile dimbwi linaonekana, ndoo na tambara la kudekia viko kando, na hakuna kibao cha kumwonya mtu. Robo saa baadaye pale palikuwa pakavu, na msimamizi alikuwa akiongea kama mtu ambaye maji hajawahi kuyaona.

Kwa hiyo ukiumia mahali pa watu, na hali yako ikiruhusu, picha kwanza. Piga kwa mbali ili mahali patambulike, kisha sogea karibu. Piga na soli za viatu vyako, maana swali la viatu halikosi. Viatu vyenyewe viweke, usivioshe. Kama kuna kamera ukutani, andika barua siku hiyohiyo kuomba video ihifadhiwe. Mitambo mingi hurekodi upya juu ya ile ya zamani. Walioona wakuachie majina na namba za simu, kwa sababu wakishatoka mlangoni hutawapata tena.

Nililokosea mimi ni daftari la matukio. Waliniletea ukurasa umeshaandikwa: "Mteja ameanguka mwenyewe." Maneno matatu. Ni kweli hakuna aliyenisukuma, lakini maji yako wapi humo? Nilisaini kwa mkono wa kushoto, machozi yakinitoka, na maneno yale yalinifuata kwa miezi. Ukipewa cha kusaini, soma. Kama kuna kilichoachwa, kiongeze kwa mwandiko wako au kataa kusaini, kisha uombe nakala.

Hospitali nenda siku ileile. Nilidhani nimeteguka tu. Eksirei ikaonyesha mfupa una ufa. Mwambie daktari ulivyoumia ili aandike "aliteleza kwenye sakafu yenye maji", si "maumivu ya mkono" peke yake. Ukikaa wiki mbili nyumbani ukijikanda, upande wa pili watasema uliumia kwingine.

Sasa sheria yenyewe. Kuumia peke yake hakukupi fidia. Lazima uonyeshe kwamba mwenye mahali alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwako, kwamba alizembea, kwamba uzembe huo ndio uliokuumiza, na kwamba umepata hasara. Nchi nyingi zilizorithi sheria ya Uingereza bado huutazama wajibu huo kupitia kesi ya Donoghue dhidi ya Stevenson ya mwaka 1932, kutoka Uskoti. Mama mmoja alidai amekunywa kinywaji ambacho chupa yake ilikuwa na konokono aliyeoza. Lord Atkin, mmoja wa majaji, akauliza: jirani yangu ni nani kisheria? Akajibu kwamba ni yule ambaye kitendo changu kinamgusa kwa karibu kiasi kwamba nilipaswa kumfikiria kabla ya kukitenda. Kinachonichekesha ni kwamba konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa mahakamani. Pande mbili zilimalizana kwa makubaliano. Laiti wangekuwa na mtoto wa dada yangu na simu yake.

Na wewe utapimwa. Mwaka 1994 huko Marekani, bibi wa miaka 79 aliyeungua kwa kahawa ya mkahawa wa McDonald's alishinda, lakini baraza la raia walioamua kesi likasema asilimia 20 ya kosa ni yake, na fidia ya madhara yake ikashuka kutoka dola 200,000 hadi 160,000. Mimi niliulizwa kama nilikuwa naangalia simu. Sikuwa nayo mkononi, ila nilibeba mifuko mikono yote miwili, nikasema hivyohivyo. Usidanganye kwenye jambo dogo. Ukikamatwa kwenye mifuko, hata maji hawatayaamini.

Hasara ya fedha huthibitishwa kwa karatasi. Risiti zote, hata za nauli ya kwenda kliniki, zitie kwenye bahasha moja. Kilichoniokoa zaidi ni daftari langu la oda: kila gauni nililorudisha kwa mwenyewe nililiandikia tarehe na malipo niliyoyakosa. Pembeni niliandika nisiyoweza: kukamua nguo, kufunga vifungo, kutunga uzi kwenye sindano. Maumivu hayana risiti, lakini yanaweza kuwa na tarehe.

Mtu wa bima akipiga simu kwa sauti ya upole, mpe jina lako na umwambie utamjibu kwa maandishi. Hati ya kumaliza madai usiisaini kabla daktari hajasema umefikia wapi kupona, maana ukishasaini kwa kawaida hakuna kurudi. Na wakili muulize mapema siku ya mwisho ya kufungua kesi ni lini. Muda huo hutofautiana nchi na nchi, na ukipita umepita.

Baada ya yote hayo nilianza kuikagua nyumba yangu kwa jicho la wakili. Ngazi ya kuegemeza: ikipanda mita nne, mguu wake uwe mita moja kutoka ukutani. Birika la moto lisikae ukingoni. Mtu akiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Kisha nikafika chumba cha kushonea. Ekstensheni ya cherehani ilikuwa imekatiza mbele ya kioo, pale ninapowasimamisha wateja kuwapima. Mtu anayepimwa haangalii chini, anajiangalia, na mimi ndiye ninayemwambia, "Geuka, rudi nyuma kidogo." Miaka sita nimewarudisha watu nyuma kuelekea ule waya.

Nimehamishia cherehani kwenye ukuta wenye soketi. Huko mwanga ni hafifu, kwa hiyo vitambaa vyeusi sasa nashona asubuhi.